Kusasisha Programu ya Injini ili Gari Lile Mafuta Kidogo: Mwongozo Kamili

Wanaoshindwa kazi hii hukwama mahali pale pale. Huandika programu mpya kwenye injini yenye ugonjwa. Huandika wakati umeme wa gari ni dhaifu. Wakimaliza, huuliza dashibodi kama ulaji wa mafuta umepungua badala ya kuuliza pampu ya kituo cha mafuta. Kuandika kwenyewe mara nyingi ni suala la dakika tu. Maandalizi na vipimo ndivyo vinavyokula muda, na ndivyo watu wanavyoviruka.

## Jua kwanza unasasisha nini

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuweka toleo jipya la kiwanda: mtengenezaji amerekebisha kasoro fulani, ametoa faili, nawe unaliweka kwenye kompyuta ya injini, yaani ECU. Ya pili ni rimapu: mtu anachukua faili lililomo kwenye ECU, anabadilisha majedwali ya sindano ya mafuta, upepo wa tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) na nguvu inayotolewa kwa kila mkanyago wa pedeli, kisha analirudisha.

Toleo la kiwanda hupunguza mafuta pale tu ambapo toleo la zamani lilikuwa na kasoro ya kuyapoteza. Matoleo mengi hutolewa kwa sababu nyingine kabisa. Yale yaliyotolewa kwa dizeli za Volkswagen baada ya kashfa ya 2015, kwa mfano, yalilenga moshi, hayakulenga tangi lako.

Kwenye rimapu, aina ya injini ndiyo inayoamua. Injini ya petroli isiyo na tabo ina nafasi ndogo sana ya kuokoa. Ikishapata moto na kutembea mwendo wa kawaida, tayari inachoma kilo 1 ya petroli kwa takriban kilo 14.7 za hewa, na sensa ya oksijeni inaichunga isitoke hapo. Anayekuahidi akiba kubwa kwa kupunguza petroli kwenye mchanganyiko huo anakuachia katalisti isiyoweza tena kusafisha oksidi za naitrojeni.

Dizeli yenye tabo ina nafasi zaidi, kwa sababu muda wa sindano, presha ya mafuta na upepo wa tabo vyote vinaweza kupangwa upya ili nguvu ipatikane injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Hata hapo, sehemu kubwa ya akiba hutokana na dereva kupandisha gia mapema. Dereva asipobadilika, nguvu ya ziada inageuka kuwa mwendo na tangi linaisha vilevile.

Vile vidude vidogo vyenye taa vinavyochomekwa kwenye soketi ya OBD2, yaani soketi ya uchunguzi wa gari, na kudaiwa "kujifunza uendeshaji wako" havisasishi chochote. Ukifungua, aghalabu utakuta taa na saketi ya kuziwasha tu. Viache.

## Vifaa

- Skana inayoonyesha data hai: joto la maji, STFT na LTFT (marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu), volti za sensa ya oksijeni, pamoja na CALID na CVN (namba za utambulisho wa programu, hatua ya 3). ELM327 nzuri, yaani skana ndogo ya kuchomeka, inatosha kwa kusoma.
- Kifaa cha kuandikia. Kwa faili la kiwanda, kifaa cha J2534 (kiwango cha pamoja cha vifaa vya kuandikia ECU) kinachotambuliwa na programu ya mtengenezaji wa gari lako. Kwa rimapu, kifaa kinachotaja namba halisi ya ECU yako kwenye orodha yake. Kutaja modeli ya gari tu hakutoshi.
- Laptopu yenye betri nzima, ikiwa imechomekwa kwenye chaja yake.
- Kifaa cha kushikilia umeme kinachotoa volti 13.5 bila kuyumba, amperi 50 au zaidi. Gari lenye moduli nyingi na feni kubwa linaweza kuhitaji 100.
- Maltimita na kipimo cha upepo wa tairi.
- Namba ya chesisi, herufi na tarakimu zote 17.
- Akaunti kwenye tovuti ya huduma ya mtengenezaji, kama unaweka faili la kiwanda.
- Daftari.

Usiandike programu kwa Bluetooth wala Wi-Fi ya vifaa vya bei rahisi. Mawasiliano yakikatika wakati wa kusoma, unasoma tena. Yakikatika wakati wa kuandika, ECU inabaki na nusu ya programu.

## Hatua ya 1: Pima ulaji wa sasa

Bila namba ya kabla, namba ya baadaye haina maana.

Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha acha hapo hapo. Usiongeze kidogo kidogo. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi likaribie robo, rudi kwenye pampu ile ile, jaza vilevile, andika lita zilizoingia.

Gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Lita 38.4 kwa kilomita 512 ni lita 7.5 kwa kila kilomita 100.

Fanya hivyo kwa matangi matatu. Tangi moja hudanganya: foleni, mzigo, mvua, au bomba la pampu lililojikata mapema vinatosha kusogeza matokeo kwa asilimia kadhaa. Ukiona matangi yako matatu yanatofautiana sana wakati njia ni ile ile, kuna jambo linaloyumba kwenye gari. Nenda hatua ya pili ukilitafuta.

## Hatua ya 2: Hakikisha injini ni nzima

Programu haitibu sensa iliyochoka wala breki inayoshika. Magari mengi yanayoletwa kwa rimapu kwa sababu "yanakunywa" yangeponea kwenye hatua hii.

Joto la maji. Washa injini ikiwa baridi kabisa, tazama joto kwenye skana. Lipande mpaka kwenye kiwango cha gari lako, mara nyingi nyuzi 85 hadi 95, kisha litulie. Endesha barabara kuu isiyo na foleni. Likishuka hadi 70 na kubaki huko, thamostati imekwama wazi. ECU itaendelea kuamini kwamba injini ni baridi na kuongeza mafuta, na gia otomatiki nyingi huchelewa kufunga klachi ya toki konvata, inayounganisha injini na gia moja kwa moja, mpaka zipate moto. Dashibodi haitakuambia, kwa kuwa mshale wa magari mengi hukaa katikati hata joto likipungua kwa nyuzi kadhaa. Badilisha thamostati kwanza. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko rimapu yoyote.

STFT na LTFT. Kwenye injini ya petroli, hizi ni asilimia ambazo ECU inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa. Jumla yake ikiwa ndani ya 5 juu au chini ya sifuri, injini iko vizuri. Ikipita 10, simama utafute chanzo.

Namba yenye alama ya kujumlisha ina maana ECU inaongeza mafuta: hewa inavuja baada ya sensa ya hewa, pampu ya mafuta imechoka, au sensa ya hewa ni chafu. Kuna njia rahisi ya kutenganisha. Soma gari likiwa silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga pedeli, kisha shikilia mizunguko 2,500. Ikiwa silensa inaonyesha +14 na kwenye 2,500 inashuka hadi +4, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka. Uvujaji ni ule ule, lakini hewa inayoingia kihalali imekuwa nyingi, ndiyo maana kosa linaonekana dogo. Ikiwa namba inapanda kadiri unavyokanyaga, geukia pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa.

Namba yenye alama ya kutoa ina maana mafuta yanaingia kupita kiasi: injekta inavuja, au presha ya mafuta iko juu.

Sensa ya oksijeni ya mbele. Ile ya aina ya kawaida hucheza haraka kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa ya moto. Ikisuasua au kubaki upande mmoja, mchanganyiko wote unaongozwa na kipofu. Magari yenye sensa ya aina pana husomwa tofauti. Kwa hayo fuata thamani za mtengenezaji.

Vitu visivyo vya injini. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inashika. Kagua chujio la hewa na plagi. Kwa dizeli, kagua mabomba ya tabo: ukungu mwingi wa oili penye klipu ni dalili ya uvujaji.

Futa kodi zote za hitilafu kwa skana ukishatengeneza, endesha siku chache, soma tena. Umefaulu hapa ikiwa hakuna kodi iliyorudi, joto limetulia na, kwa petroli, LTFT iko ndani ya 5. Kisha rudia kipimo cha tangi. Si ajabu ukakuta ulaji umeshuka kiasi kwamba huhitaji tena kugusa programu.

## Hatua ya 3: Soma utambulisho wa ECU

Kwenye skana, fungua taarifa za gari na unakili namba ya chesisi, CALID na CVN. CALID ni jina la toleo la programu. CVN ni namba inayokokotolewa kutokana na programu yenyewe, kwa hiyo faili likiguswa, CVN hubadilika hata kama CALID imeachwa ile ile.

Ukinunua gari lililotumika, kipimo hiki kinaweza kufichua rimapu ya zamani ambayo hukuambiwa. Namba ya chesisi iliyomo kwenye ECU isipolingana na iliyogongwa kwenye gari, ECU ilibadilishwa. Usiendelee mpaka ujue imetoka kwenye gari gani.

## Hatua ya 4: Chagua faili

Faili la kiwanda. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, weka namba ya chesisi, linganisha CALID yako na ya mwisho iliyotolewa. Zikiwa sawa, huna cha kusasisha. Kuandika toleo lile lile ni kubeba hatari bila faida. Zikitofautiana, soma maelezo ya toleo jipya. Matoleo mengine huongeza ulaji kidogo ili kulinda injini isigonge (mafuta kujilipua yenyewe ndani ya silinda) au kupunguza moshi. Kumbuka pia kwamba programu nyingi za kiwanda hukataa kurudi kwenye toleo la nyuma.

Angalia na kompyuta ya gia. Kwenye gari la otomatiki, sasisho linalobadilisha wakati wa kupandisha gia linaweza kuleta tofauti ambayo sasisho la injini halileti.

Rimapu. Faili litengenezwe kutokana na faili lililosomwa kwenye ECU yako, si kutokana na gari "linalofanana". Magari mawili ya mwaka mmoja na injini moja yanaweza kuwa na namba tofauti za programu, na majedwali yakakaa mahali tofauti ndani ya faili.

Mwambie mtengenezaji wa faili mafuta unayotumia. Faili la petroli lililopangwa kwa petroli ya oktani RON 98 likitumiwa na RON 91, injini itagonga, sensa ya kugonga itaiambia ECU irudishe cheche nyuma, na utachoma mafuta mengi zaidi kuliko kabla.

Mtu akipendekeza kuzima EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) au kuondoa chujio la masizi ili "kuokoa mafuta", kataa. Nchi nyingi zinakataza, gari linaweza kukwama kwenye ukaguzi, na akiba inayotajwa mara nyingi hutokana na chujio lililokuwa limeziba. Chujio hilo lilihitaji kusafishwa.

## Hatua ya 5: Hifadhi programu ya asili

Hatua hii ni ya rimapu, kwa sababu vifaa vya kiwanda kwa kawaida haviruhusu kusoma faili zima.

Soma ECU mara mbili na ulinganishe mafaili. Yakitofautiana hata kidogo, mawasiliano si safi: badilisha kebo, angalia umeme, soma upya. Weka nakala mahali pawili nje ya laptopu. Lipe faili jina lenye namba ya chesisi, CALID na tarehe.

Vifaa vingine haviwezi kusoma ECU fulani kupitia OBD2, ila "hupakua" faili la asili kutoka kwenye hifadhi yao. Ni njia inayokubalika endapo CALID inalingana herufi kwa herufi. Isipolingana, ECU itolewe kwenye gari na isomwe mezani.

## Hatua ya 6: Tengeneza umeme

Hapa ndipo ECU nyingi hufia.

Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, gari linavuta umeme bila kurudisha chochote. Baadhi ya magari huwasha feni za rejeta kwa nguvu zote wakati wa kuandika, kwa sababu ECU iliyonyamaza haiwezi kuzidhibiti. Betri iliyoonekana nzima inashuka ghafla, na kazi inakatika.

Pima betri gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.4, ichaji kwanza. Ikishindwa kushika chaji, ibadilishe.

Unganisha kifaa cha kushikilia umeme: chanya kwenye betri, hasi kwenye sehemu ya chuma iliyopendekezwa na mtengenezaji. Washa swichi, acha dakika kumi, tazama maltimita. Inatakiwa isome karibu 13.5 na isitembee. Chaja ya kawaida ya gereji haifai, kwani umeme wake huja na mawimbi yanayovuruga mawasiliano. Kuunganisha na gari jingine linalounguruma ni vibaya zaidi.

Zima taa, redio, feni ya ndani na kiyoyozi. Kama taa za mchana hujiwasha zenyewe, tafuta namna ya kuzizuia. Funga milango, na funguo yoyote ya akiba ikae mbali.

Kwenye laptopu: zima usingizi wa skrini na wa kompyuta, simamisha masasisho ya Windows, zima antivirasi. Antivirasi inaweza kulifungia faili la rimapu katikati ya kazi ikidhani ni kirusi.

## Hatua ya 7: Andika

1. Chomeka kifaa kwenye soketi ya OBD2. Kikicheza, kifunge kisisogee. Pitisha kebo mahali ambapo mguu hautaigusa.
2. Washa swichi bila kuwasha injini, isipokuwa programu ikuelekeze vingine.
3. Acha programu itambue ECU yenyewe. Ikilazimu uchague ECU kwa mkono, jiulize kwa nini haikuitambua.
4. Hakikisha cheksamu imesahihishwa. Ni hesabu ambayo ECU hutumia kukagua faili lake. Ikiwa na kosa, injini inaweza kukataa kuwaka ingawa kuandika kulikwenda mpaka 100%.
5. Anza, kisha ondoa mikono.

Dashibodi itawaka taa za kila aina, mishale itaanguka, feni zinaweza kunguruma. Ni kawaida, kwa sababu moduli nyingine zinaiita ECU na haijibu. Asilimia ya kuandika inaweza kusimama mahali pamoja kwa muda bila kusogea, usikatishe. ECU za zamani zenye mawasiliano ya polepole zinaweza kuchukua zaidi ya saa moja.

Ikikatika katikati: usizime swichi, usichomoe betri, usichomoe kifaa. Angalia volti. Funga programu na uifungue tena, kisha chagua kuokoa au kuandika upya. ECU nyingi zina sehemu ndogo ya kuanzia ambayo haifutwi, na hiyo ndiyo inayopokea jaribio la pili. Kosa linaloua ECU ni hofu: mtu anachomoa kila kitu, anapoteza mawasiliano, na sasa ECU inabidi ifunguliwe na kuandikwa mezani.

## Hatua ya 8: Baada ya kuandika

Zima swichi na usubiri muda ambao programu imetaja. Kama haikutaja, dakika kumi. Washa, soma CALID na CVN. Namba mpya zikionekana, programu imeingia.

Futa kodi kwenye moduli zote, si ya injini pekee. Utakuta nyingi za aina ya U, kama U0100, zinazosema mawasiliano na ECU yalipotea. Zimeachwa na kazi yenyewe. Zikirudi baada ya kufutwa, kuna tatizo la kweli.

Washa injini. Silensa inaweza kuwa juu au kuyumba. Magari yenye throto ya umeme, baadhi ya Nissan yakiwemo, huhitaji mafunzo ya silensa kupitia skana. Yasipofanywa, mmiliki huamini kwamba faili ni bovu.

Endesha kwa upole kilomita 100 hivi, mjini na barabara kuu, huku LTFT ikijijenga upya kutoka sifuri. Usipeleke gari kwenye ukaguzi wa moshi kabla skana haijaonyesha kwamba vipimo vya ndani, ambavyo ECU hujifanyia yenyewe, vimekamilika.

Kwa rimapu, rekodi data ukiongeza mwendo. ECU ikirudisha cheche nyuma mara kwa mara kwa sababu ya kugonga, au dizeli ikitoa moshi mweusi ambao haukuwepo, rudisha faili la asili na utake marekebisho. Dizeli inayotoa moshi mweusi inapoteza mafuta ambayo hayajaungua vizuri.

## Hatua ya 9: Pima tena, kwenye pampu

Usiamini kipimo cha dashibodi baada ya rimapu. Kompyuta hukisia ulaji kutokana na kiasi ilichoamuru injekta zitoe. Majedwali ya sindano yakibadilishwa bila kurekebisha hesabu hiyo, skrini inaweza kuonyesha 5.9 wakati pampu inasema 6.8.

Rudia matangi matatu: pampu ile ile, njia zile zile, upepo ule ule wa tairi, na kama inawezekana hali ya hewa inayofanana. Linganisha wastani na wastani uliopata baada ya matengenezo ya hatua ya pili. Wengi hulinganisha na namba ya kwanza kabisa, kisha wanaipa programu sifa ya thamostati.

Tofauti iliyo chini ya asilimia 3 ichukulie kama hakuna, kwa sababu matangi yenyewe yanatofautiana kwa kiasi hicho. Asilimia 5 au zaidi inayojirudia kwenye matangi yote matatu ni akiba halisi.

Ulaji ukipanda, anza na LTFT na joto la maji kabla ya kulaumu faili. Mara nyingine sensa ilichomolewa ukaguzini na haikurudishwa vizuri. Vyote vikiwa sawa na tangi la tatu bado linasema hapana, rudisha faili la asili ukitumia umeme na utaratibu ule ule wa hatua ya 6 na ya 7.